Saa Moja Mapema Biryogo

Kosa lilikuwa la saa yangu ya mkononi. Nilishuka kituo cha Nyabugogo, Kigali, usiku, miguu imevimba kwa basi la kutoka Dar es Salaam, nikapelekwa kwa mwenyeji wangu, nikaoga, nikalala kama gogo. Asubuhi nikanunua laini ya simu, nikanywa chai, nikazunguka, na muda wote huo haikunijia hata mara moja kwamba Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Pale Rusumo niliona basi linahamia upande wa kulia wa barabara, nikajisifu moyoni kwamba mimi msafiri mzoefu, najua kila kinachobadilika mpakani. Kumbe sijui.

Kikao cha kina mama nilichoalikwa huko Biryogo kilikuwa saa kumi alasiri. Nikafika saa tisa yao, nimevaa gauni la kutokea, nimejitanda khanga mpya, nikasimama kwenye ua uliokuwa na sufuria mbili zilizofunikwa, majamvi yaliyokunjwa, na mama mmoja tu.

"Karibu dada," akasema, wala hakuinuka kwenye kigoda chake. Akageuza shingo kuitazama saa ya ukutani kupitia mlango uliokuwa wazi. "Sisi hapa anayechelewa tunamtoza faini. Anayewahi tunampa ufagio."

Akanipa kweli. Adhana ya alasiri ilinikuta nafagia.

Kilichonileta ni fomu. Rafiki yangu wa miaka mingi, mwanasheria mstaafu, alikuwa ameniletea fomu ya kujiunga na kilabu kimoja cha kimataifa cha wanawake, vile vya urafiki na huduma kwa jamii. Nina miaka 56. Watoto wameondoka nyumbani, mgongo umeanza kudai haki zake, na jioni zangu, ambazo kwa miaka 30 zilikuwa mali ya watu wengine, zimenirudia na sijui nizifanyie nini. Kaka yangu alipoiona fomu alicheka mpaka akakohoa. "Kilabu? Cha komoni au cha mbege?" Bara kwetu kilabu ni pale penye mabenchi na ndoo, na mwanamke wa umri wangu akisema anakwenda kilabuni ni habari ya kuzungumzwa na ukoo.

Fomu iliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, lugha na taaluma. Ada ya mwaka ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nilipoisoma nikaikunja karatasi nikaitia mkobani. Mwenyeji wangu wa Kigali, mwalimu mwenzangu tuliyefahamiana kwenye semina zamani, nilipomsimulia kwenye simu alinijibu neno moja tu: kabla hujaijaza, njoo ukae na kimina chetu siku moja.

Kimina ndiyo ile ambayo Dar tunaiita kikoba, Nairobi wanaiita chama, na ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu wanaiita likelemba. Bibi zetu wa Pwani walisema upatu.

Nikiri kwamba historia ya vile vilabu vikubwa naipenda, kwa sababu inaanza na mlango uliofungwa. Mwaka 1921, mjini Oakland, California, mratibu wa vilabu vya wanaume aliyeitwa Stuart Morrow alibisha hodi kwenye chuo kimoja cha makatibu muhtasi akitafuta mwanachama mpya. Alidhani mwenye chuo ni bwana, akakuta ni bibi. Kilabu chenyewe hakikupokea wanawake, basi akashika kazi ya kuwaundia chao, na Oktoba 3 mwaka huo wanawake 80 wakawa Soroptimist, jina lililosukwa kwa maneno ya Kilatini ya dada na ubora. Rais wao wa kwanza, Violet Richardson, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa kuiokoa miti mirefu ya redwood ya huko isiangushwe.

Miaka miwili baadaye, Manchester, Uingereza, wake wa wanachama wa Rotary waliokuwa wakisaidia kazi za waume zao tangu wakati wa vita walitaka kukutana wenyewe. Aliyewaita ni Margarette Golding, nesi aliyegeuka mfanyabiashara. Novemba 15, 1923 wanawake 27 wakakaa kikao chao kwenye hamamu ya Kituruki, na Januari 10 iliyofuata wakawa Inner Wheel, yaani gurudumu la ndani, kwa kuwa nembo ya Rotary ni gurudumu. Rotary yenyewe haikuwafungulia wanawake mlango mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Ladies Circle, kilabu kingine cha wanawake, humuaga mwanachama wake anapofika miaka 45, na wengi wa hao walioagwa huingia kwenye kilabu kingine kiitwacho Agora. Agora kwa Kigiriki ni uwanja wa soko. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu: wanawake wa Ulaya wanafika umri wetu, watoto wamekua, nao wanakwenda sokoni.

Biryogo nao mwanzo wake ni mlango uliofungwa, ila huku waliofungiwa walikuwa ndani.

Mtaa uko mteremkoni, wilaya ya Nyarugenge, ukitoka katikati ya jiji kushuka kuelekea Nyamirambo. Richard Kandt alipouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, chini ya Wajerumani, walikuja pamoja na utawala huo askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu, watu wa njia ya kutoka Pwani kupita Tabora na Ujiji. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatenga watu hao kwenye makazi yao wenyewe, na hapa pakaitwa Camp Swahili. Kutoka ulihitaji kibali. Neno Mswahili likawa jina la dini, kisha likateleza likawa jina la mtu mjanja asiyeaminika.

"Mimi nimetukanwa Mswahili nikiwa shuleni," alisema yule mama wa kigoda, ambaye nilikuja kujua ndiye katibu. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, kidole kinakwenda chenyewe. "Leo wajukuu Kiswahili wanakifanyia mtihani."

Bunge la Rwanda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Katibu alilitaja hilo kama mtu anayetaja deni lililolipwa kwa kuchelewa, bila shangwe.

Tulipomaliza kutandika majamvi alinituma barabarani nikalete maandazi. Barabara ile siku hizi haina magari. Ilifungwa miaka ya korona ili wenye migahawa waweke meza nje, na lami ikapakwa rangi. Vijana wa jiji zima wanakuja kukaa pale na chai ya rangi yenye tangawizi, wanayoiita mukaru, na wanakaa nayo kikombe kimoja kwa saa mbili. Kwa mtu wa Dar, aliyezoea chai ya kupuliza na kuondoka, ni kama kuangalia watu wanaovua samaki.

Saa kumi kasorobo wakaanza kuingia. Wanachama ni 22, mdogo wao ana miaka 43, mkubwa amepita 70. Nilitarajia kikundi cha mtaa. Nikauliza kila mmoja kwao ni wapi, na baada ya majibu kama kumi nikaacha kuuliza. Mmoja amezaliwa Bujumbura. Mwingine Gisenyi. Babu wa huyu alitoka Ujiji akiuza chumvi, bibi wa yule alikuwa Mmanyema. Mmoja alilelewa Kampala, akarudi na Kiswahili cha Kiganda kisichoogopa mtu. Na mmoja, Mkristo mwenye rozari kwenye mkoba, alikuja kuishi mtaa huu mwaka 1994 na hakuhama tena. Hakueleza, wala sikumuuliza. Habari ya Waislamu waliowaficha majirani zao katika mitaa hii wakati wa mauaji ya kimbari imeandikwa sana, na ukikaa na watu hao unaona kwamba wao wenyewe hawaitaji mpaka mgeni aitaje. Sikuitaja.

Wa mwisho kuingia alikuwa mama wa Bukavu, saa kumi na dakika sita, anahema.

"Mimi sikuchelewa! Ni moto ndiyo ilichelewa!"

Nikashika kifua nikidhani nyumba imeungua. Kumbe moto ni bodaboda. Ua mzima ukacheka, na mama wa Bukavu akatoa faini yake huku akinilaumu kwa macho, kana kwamba mimi ndiye niliyempotezea hoja.

Sanduku likaletwa katikati: la bati, rangi ya buluu, kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliye kiongozi. Asipokuja mmoja sanduku halifunguki. Mfumo mzima wa vikundi hivi una safari yake. Ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, pale shirika la CARE lilipokaa na wanawake wa Kihausa na kuiboresha michezo yao ya fedha. Vikundi vile viliitwa Mata Masu Dubara, wanawake wenye mbinu. Kutoka Niger mfumo ukatembea nchi kwa nchi mpaka ukafika Zanzibar, Uganda, Rwanda. Hilo sanduku la bati limevuka mipaka mingi kuliko mimi, na sijui kilabu gani cha kimataifa kinaweza kujisifu kwamba mwanzo wake ni Maradi.

Hisa zikanunuliwa kwa kuitwa majina. Kila jina linaitwa kwa sauti, fedha zinahesabiwa mara mbili, katibu anapiga muhuri na kupiga mstari kwa rula. Rula ile ilinikosha. Hakuna mstari alioupiga kwa mkono mtupu.

Baada ya hisa, mfuko wa jamii, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwenyeji wangu hakutaka kunieleza kimina kwa simu. Kuna mama mmoja, mpika chapati, binti yake alijifungua kwa upasuaji wiki iliyopita. Bima ya afya ya mituweli, ambayo kikundi huhakikisha kila mwanachama amelipia kwa mwaka, ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Lakini kulikuwa na nauli, uji, mtu wa kulala hospitali, na siku sita ambazo jiko la chapati halikuwashwa. Alikuwa anaomba mfuko umsaidie.

Mwenyekiti akafungua katiba, daftari la kurasa 40 lenye jalada la maua. Akasoma: mfuko unasaidia ugonjwa, msiba na uzazi wa mwanachama. "Binti si mwanachama," akasema, kwa upole, macho yako kwenye daftari.

Wakabishana. Wengine wakasema tukifungua mlango huu, kesho ataletwa mpwa, keshokutwa shemeji. Mama wa Kampala akapiga hesabu ya mabinti wote wa wanachama walio na umri wa kuzaa, akafika 31, watu wakaguna. Mpika chapati alikaa kimya, mikono mapajani, ile mikono yenye makovu madogo meupe ya mafuta. Ndipo bibi mkubwa kuliko wote, ambaye mpaka wakati huo nilidhani amesinzia, akauliza:

"Huyo binti alipolazwa, uji alipelekewa na nani?"

"Na mama yake."

"Aliyelala sakafuni ni nani?"

"Mama yake."

"Sasa aliyeugua ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti akaomba mikono. Ikakubaliwa nusu iwe msaada, nusu iwe mkopo usio na riba, na katiba iongezwe mstari mmoja. Katibu akauandika papo hapo. Kwa rula.

Nimekaa kwenye mikutano mingi maishani, ya shule, ya chama, ya harusi. Sijawahi kuona sheria inabadilishwa kwa usafi namna ile, ndani ya dakika 40, na mwenye shida yupo hapo hapo anaitazama. Rafiki yangu wa Dar aliniambia kilabu chao huanza kwa kukaa mezani, kisha kinatafuta wa kumsaidia. Simlaumu, maana ukishakuwa na nafasi ya kusaidia ni lazima utafute. Hapa hakuna anayetafuta. Msaidiwa ana hisa.

Wala sitaki kuvidharau vile vikubwa. Asubuhi ya kesho yake nilikwenda Kacyiru kuiona maktaba ya umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012 baada ya juhudi za miaka mingi za wanachama wa Rotary wa Kigali-Virunga. Nilikuta vijana wamejaa vitini, kimya kimejaa kama maji. Kimina hakiwezi kujenga hiyo. Soroptimist nao wako Rwanda, na Afrika sasa ina shirikisho lake ndani ya chama hicho badala ya kuwa mkia wa Ulaya. Kuna pia wale ambao si kilabu wala kimina: AVEGA Agahozo, chama cha wajane wa mauaji ya kimbari, kilichoanzishwa na wajane 50 mapema mwaka 1995, na jina la Agahozo linatokana na kumtuliza anayelia. Waliokuwa wajane vijana mwaka ule leo ni bibi. Na hatua chache kutoka Biryogo, Nyamirambo, wanawake 18 walianzisha kituo chao mwaka 2007. Wanafundishana kushona na kusoma, na wageni kutoka nchi za mbali wanalipa kutembezwa mitaani nao, kisha wanakaa jikoni kula walichopikiwa. Nilipita dukani kwao nikanunua kikapu ambacho sikukihitaji.

Lakini narudi uani. Chai ilipomiminwa nikatoa fomu mkobani, kwa mzaha tu, nikawasomea. Nilipofika kwenye taaluma wakanisimamisha.

"Wanataka nini hapo?"

Nikaeleza kwamba vilabu hivi tangu zamani vilimpokea mwanamke kwa kazi yake, kila mmoja akiiwakilisha fani yake, daktari mmoja, mwanasheria mmoja, ili meza isijae watu wa aina moja.

"Basi huyu anaingia," akasema mama wa Bukavu, akimwonyesha mpika chapati. "Chapati miaka 31, kona ile ile. Wana mwingine huko?"

Hawana, nilisema, nijuavyo mimi. Kwa sheria ya Oakland yenyewe, isome unavyotaka, mpika chapati wa Biryogo alistahili kiti. Kinachomzuia si sheria, ni ile ada ya herufi ndogo, na ni lugha ya kikao, na ni hoteli ambayo ukiingia na kandambili mlinzi anakuuliza unamtafuta nani.

"Na wewe utaandika nini?" akauliza mwenyekiti.

Nilikuwa natafakari kati ya mwalimu mstaafu na mwandishi. Katibu akanitangulia, mdomo umejaa andazi:

"Andika mfagiaji."

Magharibi ilipoadhiniwa tukatawanyika. Langoni palikuwa na dada mmoja anauza karanga kwenye vipakiti vya karatasi, mtoto mgongoni. Alikuwa pale tangu saa tisa, nilimpita nikiingia. Nikamuuliza katibu kwa nini huyu hayumo. Akakaa kidogo kabla ya kujibu. Kila wiki ni faranga 2,000, akasema, na mwanachama mpya lazima adhaminiwe na wawili. Huyu amekuja juzijuzi kutoka mkoani. "Hajapata wa kumdhamini." Alisema hivyo akiwa anamnunulia karanga, pakiti mbili, moja akanipa mimi. Nilitaka kusema neno juu ya milango, sikulipata.

Khanga zangu mbili nilizoleta zawadi niliziacha kwa bibi mkubwa, azigawe atakavyo. Mwenyeji wangu akaniingiza kwenye kundi la kimina la WhatsApp ili niwatumie picha nilizopiga. Nikadhani nikishazituma nitajitoa kimyakimya, kama nifanyavyo kwenye makundi ya harusi.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimekwisha rudi nyumbani, najikuna kichwa juu ya ile fomu, ambayo sasa ilikuwa na doa la mafuta ya andazi pale penye taaluma. Simu ikalia. Saa kumi na moja kasoro dakika tano kwa saa yetu, yaani saa kumi kasoro tano kwa yao. Picha ya ua, majamvi yametandikwa. Kisha ujumbe wa mwenyekiti kwa wote: wenye funguo mko wapi? Nikaweka simu chini, nikaendelea na mambo yangu.

Ikalia tena dakika kumi baadaye. Katibu alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa daftari, mahudhurio ya siku ile, majina 22 ya wino wa buluu. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi, umepigwa kwa rula, na mbele yake imeandikwa: Mama wa Dar, hayupo, faini 500.

Nikaandika kuuliza faranga hizo nazitumaje kutoka huku. Mama wa Bukavu ndiye aliyejibu wa kwanza.

"Tuma na moto."

Nikavaa miwani, nikaenda dirisha la wakala pale kona, nikamuuliza kama fedha za simu zinafika Kigali. Akasema zinafika. Akauliza natuma kwa nani, na ni za nini.